Bwana Alisema Mnara

Vijana, nyinyi mkisikia neno mnara mnatoa simu mfukoni kuona kama mtandao umerudi. Siwalaumu. Lakini kwenye ile chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya uashi, na kila nikikaa na kalamu nianze na jambo jingine, narudi kwenye mnara mmoja wa matofali uliokuwa Mbale, upande wa viwandani, katika kiwanja cha kanisa la zamani. Basi nitaandika huo. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini nitaruka. Mengine mnayajua, na msiyoyajua mtaambiana tu.

Nilianza kazi hapa Jinja kwa Mzee Swaibu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya maduka yale ya Wahindi yenye majina na maua ya plasta juu ya milango, na nusu ya maua yale tuliyatengeneza upya sisi kila yalipomeguka. Siku ya kwanza nilitoka kwetu Buwenge nimevaa shati jeupe. Nilidhani nitapewa mwiko. Mzee aliniangalia kuanzia kola mpaka viatu, akasema, "Umekuja kuoa?" Kisha akanipa koleo, akanionyesha shimo la chokaa, akaniambia nigeuze mpaka yeye achoke. Hakuchoka siku hiyo, wala wiki hiyo.

Wengi wenu chokaa mnaijua kama kitu cha kupaka mawe ya barabarani rais akipita. Sisi tulijengea. Ilikuja kutoka Tororo ikiwa mawe yaliyochomwa. Unayatia shimoni, unayamwagia maji, na yanachemka yenyewe bila moto. Usiinamie shimo hilo. Nasema tena, usiiname, macho hayana spea. Kisha unafunika na kuiacha ikae miezi, mpaka iwe laini kama siagi. Ukuta wa chokaa unapumua, maji yakiingia yanapata njia ya kutoka. Nyinyi mnapiga simenti juu ya ukuta wa zamani kwa sababu inakauka upesi na bosi anafurahi, halafu mvua ikinyesha mwaka wa pili plasta inaanguka na uso wa tofali nao unaanguka. Haya, hilo nimelisema, moyo umepoa.

Mzee Swaibu alikuwa mfupi, mkali, na kofia yake ya kushonwa kwa mkono haikutoka kichwani hata kwenye vumbi. Vyombo vyake vyote tuliruhusiwa kushika isipokuwa kimoja: timazi ya shaba aliyoachiwa na baba yake, Fundi Rajabu. Aliitunza ndani ya soksi. Ukimaliza ukuta alikuja, akaitoa kwenye soksi, akaining'iniza kwa uzi, akafumba jicho moja. Kama ukuta umekwenda upande, hakusema kitu, aliusukuma kwa mguu. Kama uko sawa, alisema neno moja, "Umenyooka," na kurudisha timazi kwenye soksi. Hizo ndizo zilikuwa sifa zake zote. Nimefanya kazi muda mrefu sana kabla ya kulisikia neno hilo likiwa langu.

Mnara wenyewe niliuona mara ya kwanza alipotutuma Mbale kutengeneza stoo ya pamba. Nyuma ya mapaa ya mabati niliona mnara wa duara, mwembamba, una roshani karibu na juu na kuba ndogo. Nikasema alhamdulillahi, msikiti uko karibu. Ijumaa nikaoga, nikavaa kanzu, nikaenda. Nilipofika mlangoni nikamkuta Bikira Maria wa udongo amenyoosha mikono, na mama mmoja amesimama nje ameshika kamba ndefu iliyoshuka kutoka angani. Juu ya kuba, ambapo nilikuwa nimetegemea mwezi, palikuwa na msalaba.

Yule mama aliniangalia na kanzu yangu, akaanza kucheka.

"Na wewe pia?" akasema. "Mimi kila Ijumaa napata mumoja."

Huyo ndiye Mama Nambozo, mpiga kengele wa parokia. Alikuwa Mmasaba wa hapo hapo. Kiswahili alikisema kama mtu anayekanyaga moto, maana kwake hiyo ilikuwa lugha ya askari, na katika ile miaka ya askari hakuna mtu aliyemsemesha Kiswahili kwa jambo zuri. Lakini Kisoga changu kwake kilikuwa vumbi, na Kimasaba chake kwangu vile vile, kwa hiyo tulikutana katika Kiswahili kwa shida na tukazoea.

Alinionyesha mnara wote. Chini palikuwa pa mraba, mawe meusi yaliyoteremshwa kutoka mlima Wanale. Juu ya mawe yalianza matofali, na hapo ndipo mraba uligeuka duara, taratibu, bila mtu kuona umegeukia wapi. Ndani ngazi ilizunguka nguzo ya katikati. Roshani haikubebwa na chuma hata kidogo. Kila safu ya matofali ilitokeza kidogo kuliko safu ya chini yake, na kila tofali lilikuwa limechongwa upinde kwa mkono. Nilipitisha kiganja pale, nikaona haya kwa kazi yangu mwenyewe.

Jambo la ajabu lilikuwa kengele. Mnara ule haukuwa na mahali pa kuiweka. Kuba ilikuwa imezibwa pande zote. Kwa hiyo kengele ilining'inia nje, kwenye boriti iliyochomekwa kupitia mlango wa roshani, na kamba ilishuka nje mpaka chini. Mpiga kengele alisimama kwenye jua, na mvua ikinyesha alivuta kwa mkono mmoja na kushika mwavuli kwa mwingine.

"Nani alijenga hivi?" nikauliza.

"Mutu wa Jinja," akasema Mama Nambozo. "Fundi Lajabu."

Nilirudi Jinja na habari ile kama mtu aliyeokota pochi. Tulikuwa tunakunywa chai karakanani. Nikasema, "Mzee, nimeona mnara wa baba yako Mbale." Mzee Swaibu akaweka kikombe chini.

"Ule si mnara," akasema. "Ule ni kichekesho."

Akatoka, akaenda kuwagombeza wachonga mawe ambao hawakuwa na kosa lolote.

Habari kamili Mzee alinipa vipande vipande, shingo upande, kwa muda mrefu. Padri wa siku hizo alikuwa mzungu aliyejifunza Kiswahili kwa mpishi wake. Alimwita Fundi Rajabu kwa sababu sifa zake zilikuwa zimefika Mbale, akamwambia hivi: "Nataka mnara. Mrefu. Mtu apande juu, aite watu kuja kusali." Kisha akaenda likizo kwao Ulaya. Sasa nawauliza nyinyi. Sentensi ile mpe fundi Mwislamu yeyote wa Jinja, hata leo, atakujengea nini? Fundi Rajabu hakuwa na swali la kuuliza. Alijenga mnara mrefu, akaweka ngazi ili mtu apande, akaweka roshani ili mtu asimame na kuita, na mlango wa roshani akauelekeza kibla.

Padri aliporudi alisimama kiwanjani na kofia yake mkononi. Akauliza kengele itakaa wapi. Fundi Rajabu akamjibu kwa heshima, "Bwana alisema mnara. Huu ni mnara." Waliokuwepo wakaangua kicheko, na kicheko kile hakikuisha. Wakristo wakamwita Fundi Msikiti. Waislamu wa Mbale nao wakamwuliza amewezaje kujenga mnara mzuri namna ile halafu akauwekea msalaba. Alirudi Jinja, na mpaka anakufa alijenga stoo na kuta za maduka tu. Timazi alimwachia mwanawe. Mbale hakuitaja.

"Mimi nikipita Mbale natazama upande wa Wanale," Mzee Swaibu aliniambia. "Sijawahi kugeuza shingo."

Lakini nikawa naona jambo. Kila nilipotumwa Mbale nilipitia pale, na kila niliporudi Mzee aliniuliza, huku anajifanya anatafuta mwiko wake: "Na kile kichekesho, chokaa yake bado ipo?" Nikisema ipo, aliguna. Mwaka mwingine akauliza kama ngazi imelegea. Mwaka mwingine nikamwambia mche wa mtini umeota kwenye roshani, akaning'akia: "Na wewe umeuacha? Mizizi itafungua kila kitu! Rudi!" Nikarudi. Kuutoa mtini ukutani si kuvuta, andikeni hilo mahali. Ukivuta unatoka na ukuta. Unakata, unatoboa kisiki, unatia chumvi, unangoja ufe, ndipo unatoa mizizi kidogo kidogo na kuziba kwa chokaa. Nyuki nao walihamia kwenye kuba, niliwafukuza kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, wakarudi, nikawafukuza, wakarudi. Mwishowe mimi na Mama Nambozo tukawaachia kuba, na asali tukagawana. Roho yangu ilikuwa imeshaupenda mnara ule, na nilitaka Mzee Swaibu ageuze shingo yake mara moja tu kabla hajafa. Kila Idi nilimwambia twende. Kila Idi alisema nina kichwa kigumu.

Kisha parokia ikahama. Walijenga kanisa kubwa juu kule kwenye makazi ya watu, lenye spika za umeme, na kengele hawakuihitaji tena. Kanisa la zamani likabaki kati ya stoo na gereji, paa likaanguka, mbuzi wakaingia. Kampuni moja ya simu ikasimamisha masti yake ya chuma kiwanjani, hatua chache tu kutoka mnara wa Fundi Rajabu, na ukitazama kutoka barabarani ulidhani vimesimama vinazungumza. Mama Nambozo aliendelea kuvuta kamba yake mchana na akifa mtu wa mtaani. Hakuna aliyemtuma. Nilipomwuliza kwa nini, akaniuliza kwa nini mimi bado natengeneza.

Baadaye tajiri mmoja wa mabati alinunua kiwanja ajenge stoo. Nilidhani ndio mwisho, lakini yule tajiri aliupenda mnara. Alisema utamsaidia kuelekeza wateja. Nilimshika hapo hapo, na kampuni yetu, iliyozaliwa na karakana ya Mzee, ikapewa kazi ya kuutengeneza wote, chini mpaka juu. Kuta za kanisa zilizobaki zitabomolewa, masti itaondolewa, mnara utabaki. Sijawahi kufurahia kazi namna ile. Msimamizi wa kiwanja kizima alikuwa Injinia Mwende, binti wa Kenya, mwenye adabu na Kiswahili cha kumiminika, na ubomoaji ulisimamiwa na Okiror, mtu wa kabila la Wateso aliyestaafu kazi ya magereza, ambaye kila mtu alimwita Afande. Afande Okiror alikuwa mtu mzuri. Naandika hivyo makusudi. Ukimwambia jambo alifanya jambo hilo, na hakufanya jingine.

Nilimwambia Mzee Swaibu. Alikuwa mzee sana sasa, jicho moja limefunga ukungu, na karakana alikuwa ametuachia sisi. Nikangoja aseme nina kichwa kigumu.

"Nipeleke," akasema.

"Lini, Mzee?"

"Sasa. Unangoja niwe maiti?"

Vijana, hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Nilimwambia asubiri. Wallahi nilimwambia kwa mapenzi. Nilisema, "Mzee, sasa hivi ni mchafu, umejaa kuvu. Subiri niupake chokaa, uuone ukiwa mweupe kama siku baba yako alipouondolea jukwaa." Nilitaka aone kitu kimevaa vizuri, baada ya aibu ya maisha yote. Naye akakubali, yeye asiyekubali kitu. Akasema, "Haya, uvishe."

Tulisimamisha jukwaa la miti ya kalitunsi, yaani mikaratusi, kuuzunguka wote. Tulianzia juu, kama inavyotakiwa, maana ukianzia chini unakichafua ulichomaliza. Kuba ikawa nyeupe. Roshani ikawa nyeupe. Ikafika Idi, na vijana wangu karibu wote ni Waislamu, tukaenda makwetu. Nilipokuwa Buwenge nimekaa na pilau yangu nikawaza, sehemu ya juu imekwisha, inatosha, kwa nini asione? Siku ya pili baada ya Idi nikamfuata Jinja. Alikuwa tayari mlangoni, kanzu imepigwa pasi, soksi yenye timazi iko mfukoni.

"Unaipeleka wapi hiyo?" nikamtania.

"Nataka kuona kama alinyoosha," akasema.

Tulipoanza kuiona Wanale akageuza uso kwa mazoea kuelekea mlimani, kisha akajishika, akacheka peke yake, akageukia upande mwingine. Akakaza jicho lake lile zima.

"Uko wapi?" akauliza.

Mimi nilikuwa natafuta. Niliona masti ya chuma. Niliona mapaa. Nikamwambia bado, gari halijafika pazuri. Tulipofika pazuri nikamwambia labda moshi wa viwandani. Moyoni nilikuwa najua.

Tulipoingia kiwanjani, jukwaa langu lilikuwa limesimama lote, na ndani yake mnara ulikuwa umebaki kimo cha mtu kupita kidogo. Vijana wa Afande walikuwa juu yake na nyundo na patasi. Matofali yalikuwa yamelundikwa vizuri, na kando yake palikuwa na yale ya roshani, meupe, chokaa yangu bado inanuka mbichi.

Afande Okiror alinijia anatabasamu. "Fundi! Idi ilikuwa muzuri?"

"Afande, umefanya nini?"

"Kazi. Imebaki kidogo tu."

"Nani amekuambia uvunje mnara?"

"Injinia," akasema, na nikaona tabasamu linaanza kumtoka. "Yeye alipiga simu. Alisema, 'Afande, kesho anza na mnara, shusha pole pole kutoka juu.' Mimi nakuja, naona wewe umefunga miti mpaka juu. Nikasema, Fundi ametayarishia sisi. Nikashukuru wewe, haki ya Mungu."

Nilimwonyesha chuma kile kilichosimama nyuma yake.

"Ile?" akasema Afande. "Ile ni masti, Fundi. Nani anaita masti mnara?"

Kenya wanaita. Injinia Mwende alikuwa Tororo siku zile kufuatilia saruji. Nilimpigia, na sauti yake ikasikika mpaka kwa wote. "Mnara wa simu, Fundi! Nilimaanisha mnara wa simu! Wa kanisa nilitaka ubaki! Nilimwambia kengele ibaki, isiguswe na mtu!"

"Ndiyo," akasema Afande Okiror polepole. "Alisema kengele ibaki. Kengele imebaki. Iko pale."

Kwa Injinia Mwende mnara wa Fundi Rajabu wote ulikuwa ndio "kengele". Kwa Afande kengele ni kengele. Alikuwa ameishusha kwa kamba kama mtoto mchanga, ikawekwa kwenye gunia, bila mkwaruzo. Mama Nambozo mwenyewe alikuwepo asubuhi ya kwanza. Aliona wanaishusha kwa adabu, akadhani ni sehemu ya kazi yangu, akawashukuru wale vijana mmoja mmoja, akaenda nyumbani kuleta jivu na ndimu aisugue. Aliporudi kuba haikuwepo. Alipiga kelele kwa Kimasaba mpaka sauti ikaisha, na Afande, ambaye hajui Kimasaba, alidhani anaimba kwa furaha. Nilimkuta amekaa kando ya gunia, ndimu mkononi. Hakunitazama.

Mzee Swaibu nilikuwa nimemsahau. Nilipogeuka alikuwa amesimama mbele ya Afande, anamfika kifuani.

"Uliambiwa nini?" akamwuliza.

"Mnara, mzee."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Mzee Swaibu akaanza kucheka. Alicheka ameshikilia fimbo, akacheka mpaka kofia ikaenda upande, na yule Afande maskini naye akacheka kidogo kwa adabu, bila kujua anacheka nini. Kisha nikaona machozi yanashuka kwenye ndevu za Mzee.

"Zubairi," akaniambia, "hata baba aliambiwa hivyo hivyo."

Akakaribia ule ukuta uliobaki. Akatoa timazi kwenye soksi. Akaining'iniza, akangoja. Uzi ulipotulia alifumba jicho lile bovu, akatazama kwa lile zima, muda mrefu, halafu akahamia upande wa pili akatazama tena. Vijana wa Afande waliacha kugonga bila kuambiwa.

"Umenyooka," akasema.

Afande Okiror akaona labda anaweza kusema neno la kumliwaza. "Mzee, mimi nimevunja jela, nimevunja nyumba ya mabwana wakubwa, hata ukuta ya benki. Sijaona hii. Tangu juzi tofali inakataa. Unapiga, inakataa. Hii fundi yake alikuwa nani?"

"Sema tena," akasema Mzee Swaibu.

"Nini?"

"Hiyo uliyosema. Sema tena."

Afande akarudia yote, jela na benki na kukataa. Mzee alimsikiliza kama mtu anayesikiliza salamu zilizochelewa njiani. Kisha akamjibu. "Baba yangu. Fundi Rajabu wa Jinja." Sikuwahi kumsikia akilitaja jina lile mbele ya mtu wa Mbale.

Injinia Mwende alikuja jioni ile ile. Alilia bila kujificha, na akaomba radhi kwa kila mmoja wetu, hata kwa Mama Nambozo. Lakini ngazi ilikuwa imeshavunjika, nguzo ya katikati ilikuwa wazi, na aliyebaki na akili siku ile alijua kipande kile hakiwezi kurudi kuwa mnara. Tajiri aliagiza kimaliziwe. Ningependa kuwaambia nilipigana. Nilikaa juu ya lundo la matofali nikitazama chokaa yangu nyeupe.

Kazini mtachukua somo, basi chukueni hili: msiseme mnara na kuishia hapo. Semeni wa matofali, semeni wa chuma, mpeleke mtu kwa mkono, aguse. Hilo ni la kazini. Lile linaloniamsha mimi si hilo. Ni kwamba alisema "sasa", na mimi nikamwambia subiri. Ulikuwa mchafu, una kuvu, una nyuki, na ulikuwa umesimama. Angepanda hata ngazi tatu. Angetoka roshani kama angetaka, akasimama pale baba yake alipomwachia mtu nafasi ya kusimama. Mimi nikaona haya kwa niaba ya kuvu. Inaniuma mpaka leo, na sidhani itaacha.

Masti haikuondolewa. Baada ya mkasa ule tajiri alichoka na kubomoa, na watu wa simu wakaongeza mkataba. Mama Nambozo akaomba kengele yake, na Afande Okiror mwenyewe akaifunga kwa nyaya kwenye mguu mmoja wa masti, chini, anapoweza kuifikia. Haihitaji kamba ndefu sasa. Nilimkuta mara ya mwisho kwenye manyunyu, mwavuli mkono mmoja, anaipiga mchana. Nikamwuliza anaionaje nyumba mpya ya kengele. Akainua mabega.

"Fundi, munala ni munala," akasema.

Sikubaliani naye, na yeye anajua.

Siku ile tuliporudi Jinja, Afande alichagua tofali moja la roshani, lile lililochongwa upinde, akalifuta kwa kofia yake na kumpakatisha Mzee garini. Mzee hakuniruhusu kumpokea njia nzima. Aliliweka sebuleni, karibu na redio, akaweka timazi juu yake. Hakuishi sana baada ya hapo. Katika miezi ile ya mwisho nilikuwa nakwenda kumtazama, na wageni wengine wakija waliuliza, kama watu wanavyouliza, kwamba Mzee, tofali hili la nini humu ndani? Nilikuwa namngoja aseme limetoka kwenye mnara. Hakusema hivyo hata mara moja. Aliliwekea mkono, akawaambia, "Huu ni mnara. Baba yangu aliujenga."